Kila asubuhi najiambia mimi ni mshindi, na kila mchana nalia. Nakosea wapi?

Naanza Upya

Habari zenu wote. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo nimejikaza niandike. Naomba mnivumilie, ni ndefu.

Nilikuwa karani wa stoo kwa miaka 9. Kazi yangu ilikuwa kupokea mzigo, kuhesabu, kuandika kwenye kadi na kwenye leja, na mwisho wa mwezi kuhakikisha kilichoandikwa ndicho kilichopo kwenye rafu. Niliipenda kazi ile. Miezi 8 iliyopita kampuni ilipunguza wafanyakazi. Tuliitwa watu sita kwa mpigo, tukapewa barua, na kufikia jioni nilikuwa nimeshakabidhi funguo. Miezi miwili baadaye baba wa watoto akaondoka. Hilo sitaki kulizungumzia sana, ila mjue kwamba nyumbani tumebaki mimi na wanangu wawili, na kodi ya nyumba ni yangu peke yangu.

Rafiki yangu mmoja, ambaye najua ananitakia mema, akaniambia shida yangu ni mawazo. Kwamba nayavuta mabaya kwa kuyawaza. Akanitumia rekodi za kusikiliza kabla ya kulala, akanifundisha na kujisemea maneno ya ushindi. Basi nikachana karatasi kwenye daftari la mwanangu, nikaandika kwa kalamu nyekundu: MIMI NI MSHINDI. KAZI NZURI INANITAFUTA. NINA KILA NINACHOHITAJI. Nikaibandika kwenye kioo cha bafuni. Kila asubuhi nasimama pale, nayasema kwa sauti mara 20, kama nilivyoelekezwa.

Sasa ni wiki ya sita na hali inazidi kuwa mbaya. Nikisema "mimi ni mshindi", kuna sauti ndani inajibu papo hapo: mshindi gani aliyeachwa, mshindi gani anayedaiwa kodi? Nikimaliza mara ya 20 nimechoka kama niliyeshusha mzigo wa lori. Ikifika mchana, watoto wakiwa shule, nalia. Na tangu wiki ya tatu nimeacha kutuma maombi ya kazi, maana najiambia nitume nikishakuwa sawa kichwani, nisije nikatuma nikiwa na mawazo mabaya nikaharibu.

Naomba kuuliza: kuwaza chanya kunabadilisha maisha kweli? Kuna mtu humu aliyetoka shimoni kwa njia hiyo? Na kama kwa wenzangu kunafanya kazi, mimi nakosea wapi? Au nina kasoro?

Tumaini Hai

Pole sana dada, pole mno. Mimi nilifiwa na mume nikiwa na mimba ya miezi 6, kwa hiyo najua huo mchana unaousema, nyumba ikiwa kimya.

Usiache, dada. Kilichonishika mimi ni kuandika kila usiku mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku hiyo, na pembeni yake kwa nini yalikwenda vizuri. Mengine yalikuwa madogo kabisa. Siku moja niliandika "jirani amenipisha kwenye ngazi". Lakini nilikuwa naandika, na baada ya muda nikajikuta mchana nayatafuta ya kuandika usiku. Nina madaftari manne mpaka leo. Yule mtoto sasa ana miaka 7.

Shika imani. Yatapita.

Macho Wazi

Nitasema tofauti kidogo, dada, na sisemi ili nikuvunje moyo. Haya mambo ya kuwaza chanya yalinila mwaka mzima. Biashara yangu ilikuwa inazama, nami badala ya kukaa na daftari la mauzo nilikuwa nakaa na picha ya gari niliyoibandika ukutani. Kila aliyejaribu kunionyesha hesabu nilimwona ana mdomo wa mkosi. Siku nilipofungua daftari mwenyewe, hakukuwa na cha kuokoa.

Baadaye nikasoma habari za James Stockdale, rubani wa jeshi la wanamaji la Marekani. Ndege yake ilitunguliwa Vietnam Septemba 1965, akakaa kifungoni hadi Februari 1973. Zaidi ya miaka 7, na aliteswa. Alipoulizwa ni wafungwa gani walioshindwa kuvumilia, alijibu kuwa ni wale wenye matumaini mepesi. Walisema tutatoka kabla ya Krismasi, Krismasi ikapita. Wakasema Pasaka, Pasaka ikapita. Mwisho wakafa kwa kuvunjika moyo.

Bandua hiyo karatasi. Kabili hali ilivyo.

Sindano na Uzi

Mwanangu Naanza Upya, nimeisoma habari yako mara mbili, ya pili kwa sauti. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona tangu nina miaka 19 na sasa nina 58. Nitakusimulia yaliyonipata, wewe uchukue litakalokufaa.

Miaka 4 iliyopita niliamka usiku nikataka kushuka kitandani, nikakuta mguu wa kulia haupo. Yaani upo, nauona, lakini si wangu. Nikataka kumwita mume wangu, ulimi ukawa mzito. Kiharusi. Ulimi ulirudi baada ya wiki chache, mguu ukarudi nusu, ila mkono wa kulia ulibaki umelala mapajani kama umesahauliwa pale na mtu mwingine. Na huo ndio mkono wangu wa mkasi.

Waliokuja kunijulia hali walinipa maneno kama hayo uliyopewa wewe. Sema umepona. Neno "siwezi" litoe kinywani. Nikayasema. Nilikuwa nalala nikijiona niko mezani, nimetandaza kitambaa, nimepiga chaki, mkasi unakwenda bila kukwama. Ilikuwa picha tamu kiasi kwamba nilitamani wageni waondoke nirudi kwake. Miezi miwili mizima nilikaa humo. Na kumbe muda wote huo nilikuwa nimeacha kabisa kuujaribu mkono wenyewe. Mlango nafungua kwa kushoto, nywele nachana kwa kushoto, hata shuka nilikuwa najivuta kwa meno na kushoto. Kichwani nakata nguo, mwilini sinyanyui hata kitana.

Aliyenitoa huko ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Siku ya kwanza hakunipa pole. Aliuliza: "Mama, mara ya mwisho mkono huu uliutuma kazi gani?" Sikuwa na jibu. Ndipo akanieleza habari za Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani. Taub aliona kwamba baada ya kiharusi, siku za mwanzo, mkono hushindwa kila unapojaribiwa, kwa sababu ubongo bado umepigwa. Ukijaribu unashindwa, ukishindwa unajifunza kutojaribu. Baadaye ubongo ukishapata nafuu kidogo, mkono ungeweza kufanya jambo fulani, lakini mwenyewe ameshazoea kuuacha. Kwa hiyo matibabu aliyoyabuni ni kuufunga ule mkono MZIMA. Unavishwa glavu nene isiyo na vidole, ili ule mbovu ulazimike. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa la njia hiyo huko Marekani: wagonjwa 222, wale wa glavu wakikaa nayo kwa asilimia 90 ya muda wanaokuwa macho, kwa wiki 2. Waliendelea vizuri kuliko wale wa huduma ya kawaida. Haimfai kila mtu, lazima kifundo na vidole viwe na mwendo japo kidogo. Mimi vyangu vilikuwa vinanyanyuka kwa shida, basi nikakubaliwa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuokota vifungo kwenye kopo moja na kuvitia kwenye kopo la pili. Vifungo 10. Vilinichukua dakika 35, na vitatu kati yake vilianguka chini. Mimi, niliyeweka vifungo kwenye mashati nisiyoweza kuyahesabu, nililia mbele ya yule mtoto. Nikamwambia, kwa mazoea, "Lakini najua nitapona." Akasema maneno ambayo ninayo hadi leo: "Usiniambie utapona, mama. Niambie kifungo kinachofuata utakishika upande gani."

Nikakitazama. Kilikuwa cheusi, cha matundu manne, kimelala ukingoni mwa kopo. Nikasema nitakisukuma kwanza kiegemee ukuta wa kopo, kisha kidole gumba kije kwa chini. Nikafanya hivyo. Kikatoka.

Yule binti alinirudisha kwenye ufundi wangu. Fundi haangalii nguo nzima, anaangalia pale sindano inapoingia sasa hivi. Nilikuwa nimelijua hilo kwa miaka kama 35 nikiwa na kitambaa, nikalisahau nilipokuwa mimi ndiye kitambaa.

Baada ya vifungo nikataka kutunga uzi. Wasioshona hawajui, lakini kutunga uzi kunataka mikono miwili inayoelewana. Wangu ulikuwa unatetemeka, uzi ukifika kwenye tundu unatawanyika nyuzinyuzi. Nikakaa nikafikiri kama fundi, si kama mgonjwa. Nikaichomeka sindano wima kwenye kimto cha pini ili isitembee. Nikakata uzi kwa mshazari, nikaulowesha kwa mate, nikaubana kwa gumba na kidole cha shahada ukabaki umechomoza kidogo tu, maana ukiuacha mrefu unalegea. Kisha nikaegemeza kiwiko mezani ili mtetemo uishie kwenye ubao usifike vidoleni. Nilijaribu kila siku, dakika 20, si zaidi, kwa sababu zaidi ya hapo mkono unakasirika. Siku ya 41 uzi ukapita. Sikupiga kelele. Niliutazama tu jinsi ulivyoning'inia upande wa pili.

Ndugu yangu Macho Wazi, pole kwa biashara yako. Kisa cha Stockdale umekisimulia kweli, lakini umekiacha bila pindo. Mtu huyo huyo alisema hakuwahi kutilia shaka kwamba atatoka, na kwamba mwisho wake yale mateso yatakuwa jambo ambalo hangelibadilisha kwa lingine. Alichokataa ni kujiwekea tarehe za uongo. Aliyashika yote mawili, ukweli wa kifungo na imani ya kutoka. Kwa hiyo dada akibandua karatasi, asibaki na kioo kitupu.

Mwanangu, wewe huna kasoro. Hebu niambie: barua ya maombi ukitaka kuiandika leo, unakwama wapi hasa? Si "nimekata tamaa". Mahali pale pale uzi unapokataa kuingia.

Macho Wazi

Mama, hiyo sehemu ya pili ya Stockdale nilikuwa naijua, niliiruka. Asante kwa kunirudisha.

Naanza Upya

Mama, nimekusoma nikiwa nimekaa sakafuni bafuni. Asante. Nyote asanteni.

Nakwama wapi? Nimekaa na swali lako tangu jana. Kuandika si tatizo, mikono inajua kuandika. Mwezi wa pili baada ya kupunguzwa nilituma maombi 14, nikaitwa usaili mmoja. Waliniuliza mengi nikajibu vizuri tu, nikawaeleza jinsi ya kufuatilia mzigo unaokaribia kuisha muda wake. Kisha mmoja, kwa upole kabisa, akauliza: "Kwa nini uliacha kazi?" Koo likafunga. Nikaanza kulia mbele yao, sikuweza kusimamisha. Walinipa maji nikatoka.

Tangu siku hiyo nikifungua kompyuta kuandika barua, naliona lile swali linanisubiri mwisho wa barabara. Nadhani ndiyo maana maneno ya kioo yalinipendeza mwanzoni. Yalinipa sababu ya kutofungua kompyuta.

Muuguzi wa Zamu

Dada, mimi ni muuguzi kitengo cha afya ya akili. Nimesubiri nitoke zamu ndipo niandike kwa utulivu.

Umeuliza kama una kasoro. Mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walijaribu jambo linalofanana sana na la kioo chako. Waliwapa watu sentensi ya kujirudia, "mimi ni mtu wa kupendwa". Waliokuwa wanajithamini tangu mwanzo walijisikia nafuu kidogo. Waliokuwa wanajiona duni walijisikia VIBAYA zaidi kuliko wenzao wa aina hiyo ambao hawakusema chochote. Sababu ndiyo hiyo uliyoieleza mwenyewe: sentensi iko mbali mno na unachokiamini, basi akili inaleta ushahidi wa kuipinga. Kwa hiyo kilichokupata kimewapata wengi, na hakikukupata kwa sababu umekosea kusema.

Na lile la kuvuta mabaya kwa kuyawaza, naomba uliweke chini leo. Mliitwa watu sita. Je, wote sita mliwaza vibaya? Uliyeyabeba hayo ya kampuni kama dhambi yako ni wewe peke yako, na si yako.

Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, katika miaka ya 1960 aliona wagonjwa wake wana mawazo yanayopita kasi mno hata wenyewe hawayasikii vizuri, kama hilo la "mshindi gani aliyeachwa". Hakuwafundisha kulifunika kwa wazo tamu. Aliwafundisha kulishika na kulihoji: ushahidi wa hili ni nini, na ushahidi wa kulipinga ni nini? Wewe ni karani wa stoo, unajua kulinganisha kadi na rafu. Fanya hivyo hivyo. Kadi inasema "sifai". Nenda kwenye rafu ukahesabu: miaka 9, hesabu zinazolingana, usaili ulioujibu vizuri hadi swali la mwisho, watoto wawili wanaokwenda shule kila siku. Andika kile kilichopo, si zaidi, si pungufu.

Lingine nalisema kwa msisitizo. Ukiwa na huzuni au umepoteza hamu ya kila kitu, sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na usingizi au hamu ya kula vimeharibika, hiyo inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa na unatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu, na inapohitajika kwa dawa. Wiki sita za kulia kila mchana zinatosha kwenda kuonwa. Na kama limewahi kukujia wazo la kutaka kufa au kujidhuru, usingoje, nenda kituo cha afya leo hii au mwambie mtu aliye karibu nawe akupeleke.

Halafu, mwenye nyumba umeshazungumza naye? Deni linalonyamaziwa huwa linakua kichwani haraka kuliko kwenye karatasi.

Sindano na Uzi

Asante sana muuguzi, umesema lililo juu ya uwezo wangu. Mwanangu, msikilize. Mimi pia nilipelekwa kwa mshauri baada ya kiharusi, na nilitibiwa sonona miezi 7 huku mkono ukifanyiwa mazoezi. Sikuandika hapo juu, nikaona nisichanganye, lakini nilikosea kuliacha. Vilikwenda pamoja.

Sasa umenionyesha tundu la sindano: "Kwa nini uliacha kazi?" Hapo ndipo pa kufanyia kazi, si kwenye kioo.

Binti yangu wa pili ni mwalimu, ndiye aliyenisomea kazi za Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia wa Kijerumani. Nilipozisikia niliona ile miezi yangu miwili kitandani. Mwaka 1991 yeye na mwenzake walichapisha habari za wanawake waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Waliokuwa wanajiona tayari wembamba katika ndoto tamu walipungua takriban kilo 11 PUNGUFU kuliko waliojiona kwa picha isiyo tamu. Mwaka 2002 akaonyesha jambo hilo hilo kwa wahitimu wanaotafuta kazi: waliokaa kuota ajira nzuri walituma maombi machache, na baada ya miaka 2 walikuwa wamepata nafasi chache na mshahara mdogo. Mwili ukishaonja ushindi kwa mawazo unalegea kama uliokwisha kufika. Lakini, na hapa ndipo watu wanapokata vibaya, WALIOTARAJIA kufaulu kwa kuangalia waliyokwisha kuyafanya walikwenda vizuri. Kutarajia na kuota ni vitambaa viwili tofauti, ingawa ukivitazama kwa mbali vina rangi moja.

Dawa yake ni hii. Unataja unachokitaka. Unajiruhusu kukiona kwa muda mfupi, utamu wake uusikie. Kisha mara moja unajiuliza: ndani yangu mimi, ni nini kinachonizuia? Ukishakitaja, unatunga sentensi ya "ikiwa hivi, basi nitafanya hivi". Hizo sentensi za ikiwa-basi alizichunguza mwanasaikolojia mwingine, Peter Gollwitzer, na nguvu yake ni kwamba uamuzi unaufanya mapema, ukiwa umetulia, si pale koo linapofunga.

Yangu ilikuwa: ikiwa mkono utaanza kutetemeka, basi nitaegemeza kiwiko. Basi. Ukiitazama hivi haina fahari yoyote, lakini ndiyo iliyopitisha uzi.

Yako nimejaribu kuitunga, uirekebishe kwa kipimo chako: ikiwa wataniuliza kwa nini niliacha kazi, basi nitaweka miguu yote miwili sakafuni, nitatoa pumzi, nitasema, "Kampuni ilipunguza watu sita siku moja, nami nikiwemo. Stoo niliikabidhi hesabu zikiwa sawa." Halafu nyamaza. Usiongeze. Iseme kwa sauti mara 20 hapo hapo kwenye kioo ukitaka, maana hii ni kweli, hakuna sauti ndani itakayokupinga.

Na kuhusu hizo mara 20, nikueleze zilikotoka, nadhani utapenda. Kulikuwa na mfamasia Mfaransa, Émile Coué, wa mji wa Nancy, aliyefariki 1926. Aliwaambia wagonjwa waseme asubuhi na usiku, mara 20, kwamba kila siku, kwa kila hali, wanazidi kuwa na nafuu, na wahesabu kwa kamba yenye mafundo 20. Mimi niliposikia kamba, moyo ukaruka. Mjukuu wangu akanifungia mafundo kwenye uzi mnene wa kufumia, nami nikawa napitisha fundo moja moja kwa mkono wa kulia. Sijui kama maneno ndiyo yaliyonisaidia au ni vidole kupita kwenye mafundo, lakini sentensi ile niliweza kuitamka bila kujisuta, kwa sababu "nazidi" inaniruhusu kuwa bado sijafika. "Mimi ni mshindi" haimwachii mtu nafasi hiyo.

Dada Tumaini Hai, na wewe nakushukuru. "Jirani amenipisha kwenye ngazi" nimeliandika kwenye daftari langu la vipimo.

Naanza Upya

Ni siku 19 tangu niandike hapa mara ya mwisho. Nimechelewa kwa sababu nilitaka nije na kitu mkononi.

Nilikwenda kituo cha afya. Nimeambiwa ni sonona ya kiasi, naonana na mshauri kila wiki. Mwenye nyumba nilimfuata mwenyewe. Nililia huko pia, lakini tumekubaliana nilipe kidogo kidogo, tukaandikiana.

Karatasi nimeibandua. Nilitaka kuichana, nikaona upande wa nyuma ni mweupe, nikachora kadi ya stoo kama alivyosema muuguzi: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kilichoingia nimeandika vitu kama "barua 1 imetumwa", "nimelala saa 6 mfululizo", "mdogo amecheka na mimi nikacheka". Kilichotoka naandika pia, siku mbaya zimo, kuna moja nimeandika "siku nzima". Cha ajabu ni kwamba kuziandika siku mbaya kunanituliza kuliko kuzikataa.

Nimetuma maombi 5. Kila siku saa tatu asubuhi nakaa mezani, ikiwa moyo unadunda basi naandika anwani na tarehe tu, nikimaliza hapo mara nyingi naendelea. Jana nimeitwa usaili. Na wameuliza, mama. Wameuliza vile vile, "Kwa nini uliacha kazi?" Koo likaanza kufunga, nikasikia miguu ikitafuta sakafu yenyewe. Nikasema sentensi zote mbili. Sauti ilitetemeka kwenye "sita", lakini nilifika kwenye "sawa". Nikanyamaza. Yule aliyeuliza akaandika kitu, akaenda swali lingine.

Majibu bado. Mama, nimetaka kukuuliza: mkasi uliurudia?

Sindano na Uzi

Mwanangu, nimemwita mume wangu nimsomee hapo kwenye "nilifika kwenye sawa".

Mkasi wa kulia bado unanishinda kwenye kitambaa kizito, na yule binti ameniambia kwa ukweli kwamba huenda ukabaki hivyo. Nakata kwa kushoto, nimenunua mkasi wa mashoto, ilinichukua karibu mwaka kuuzoea na bado mstari mrefu unanipotea. Kushona nashona kwa kulia. Vifungo naweka vyote mwenyewe, sasa kushona kifungo kimoja ni kama dakika 4.

Majibu ya usaili yakija, yawe ndiyo au hapana, yaandike hapa. Na kama watasema hapana, kwenye ile kadi yako, safu ya kilichoingia, uandike huo usaili kwanza, kabla ya kuandika safu ya pili.